Mfumo Unaomlipa Mwalimu Aondoke

Mjadala kuhusu walimu wa vijijini nchini Kenya una njia yake iliyozoeleka. Huanza Nairobi, huruka hadi Turkana, Mandera au Wajir, kisha hurudi na picha ya darasa lililo chini ya mti. Picha hiyo ni ya kweli na uchungu wake ni wa kweli, lakini imetuzoesha kudhani kwamba kijiji kinachompoteza mwalimu lazima kiwe na ukame, risasi au barabara isiyopitika. Kangari haina hayo. Iko Kigumo, Kaunti ya Murang'a, kwenye miteremko ya Nyandarua ambako mashamba ya chai hupanda hadi kuukaribia msitu. Baridi ya Julai inauma, ukungu huchelewa kuondoka, na mvua ya Aprili hugeuza njia za ndani kuwa matope yanayokwamisha lori la majani chai. Hata hivyo soko lipo, umeme upo, na matatu ya kushuka Thika hazikosekani. Ni kijijini, ila si jangwani. Kwa sababu hiyo hasa, hapa ndipo mahali pazuri pa kuuliza swali ambalo Turkana hulifunika kwa vumbi lake: pale ambapo hakuna balaa la kumfukuza mwalimu, ni nini humwondoa? Jibu ambalo safu hii italitetea ni kwamba kijiji hakimwondoi. Anaondolewa na mfumo uliomwajiri, kwa kuwa karibu kila tuzo ambayo mfumo huo unaweza kumpa, huipata kwa kuhama.

Tuanze na nyumba. Mkataba wa kwanza wa pamoja kati ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) na vyama vya walimu ulitiwa saini 2016 na kuanza kutumika Julai 2017, ukikadiriwa kugharimu Sh54 bilioni kwa miaka minne. Sambamba na mishahara kuna marupurupu ya nyumba, ambayo yaliigawa nchi kwa makundi: Nairobi juu kabisa, kisha miji kama Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret, Nyeri na Thika, halafu manispaa nyingine za zamani, na chini yao maeneo mengine yote. Kangari iliwekwa miongoni mwa hayo "maeneo mengine yote". Mhasibu ataona mantiki hapo, maana kodi ya mjini ni ghali kuliko ya kijijini. Mwalimu kijana huona jambo jingine. Yeye na mwenzake wa Thika wana cheti kimoja, gredi moja na mshahara mmoja wa msingi, lakini wa Thika ana nyongeza. Naye akikosa chumba cha heshima cha kupanga karibu na shule, atapanga mjini vilevile na kulipa nauli juu yake. Halafu kuna marupurupu ya mazingira magumu, yanayotolewa kwa maeneo yaliyotangazwa rasmi, hasa katika kaunti kame. Shule iliyo ukingoni mwa msitu wa Nyandarua hujikuta imebanwa katikati. Mwalimu wake akishuka mjini, anaongezewa. Akienda mbali jangwani, anaongezewa. Akibaki alipo, habaki na cha ziada ila baridi.

Ngazi ya vyeo nayo imeelekezwa nje ya lango la shule. Kwa mujibu wa miongozo ya TSC ya kupanda vyeo, mwalimu wa shule ya msingi anayeanza katika gredi ya B5 hupanda hadi C1 baada ya miaka mitatu ya utendaji wa kuridhisha. Baada ya hapo njia hujibana. Kupanda zaidi hutegemea nafasi iliyotangazwa, mahojiano na utayari wa kupelekwa pale nafasi ilipo. Maana yake ni kwamba cheo kimefungiwa kwenye kiti, na kiti chenyewe kwa kawaida hakiko alipo mwalimu, hasa katika shule ndogo yenye mwalimu mkuu mmoja na naibu wake mmoja ambao huenda wakakaa hapo miaka kumi. Mtu anayeweza kuwafundisha watoto wa Gredi ya 1 kusoma, kazi ambayo ni ngumu kuliko nyingi zinazofanywa katika ofisi za elimu, hana njia iliyo wazi ya kuifanya kazi hiyo kwa miaka 20 mahali pamoja na kulipwa kama mtu asiyeweza kukosekana. Ili apande, yampasa atoke darasani aende ofisini, au atoke kijiji hiki aende kingine. Tunapolalamika kwamba walimu wazuri hawakai, tunasahau kwamba sisi wenyewe tumeandika kanuni inayosema aliye mzuri ndiye wa kwanza kuondoka.

Kuja kwa sekondari msingi kumefungua mlango wa tatu, na huu uko ndani ya ua. Tangu Januari 2023 madarasa ya Gredi ya 7 yamewekwa katika shule za msingi, na TSC ikiwa na uhaba wa walimu wa ngazi hiyo iliwachukua maelfu ya walimu wa msingi waliokuwa na shahada au diploma zinazofaa, ikawavusha. Hatua hiyo ilikuwa ya haki kwao, kwani wengi walikuwa wamejisomesha kwa jasho lao na kwa miaka mingi shahada zao hazikuwapandisha popote. Lakini angalia athari yake katika shule ya kijijini. Mwalimu aliyejiendeleza, mara nyingi ndiye mwenye bidii kuliko wenzake, anahama bila hata kupita langoni. Anavuka uwanja wa gwaride kutoka Gredi ya 3 hadi Gredi ya 8, na nyuma yake darasa la watoto wadogo linabaki likimngojea mwingine ambaye huenda asitumwe. Katika orodha ya shule hakuna aliyeondoka. Darasani ameondoka.

Huenda mtu akasema kwamba walimu kuhamahama ni jambo la kawaida katika kazi yoyote. Ni kweli, ila uzito wake haulingani kila mahali, na hapa kuna hesabu ambayo nchi haijaizingatia vya kutosha. Kwa wastani mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa watoto 8.1 mwishoni mwa miaka ya 1970; utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulipata 3.4, na kaunti za Mlima Kenya ziko chini ya wastani huo. Shule zilizojengwa miteremkoni kwa nguvu za wazazi waliokuwa na watoto wanane sasa zinapokea watoto wa wazazi wenye wawili au watatu. Chukua shule yenye watoto 160 kuanzia Gredi ya 1 hadi ya 6. Ukiigawia walimu kwa kipimo kinachotajwa sana cha mwalimu mmoja kwa watoto 40, inastahili walimu wanne, ilhali ina madarasa sita. Mmoja akiondoka, robo ya walimu imeondoka na madarasa mawili yanaunganishwa. Katika shule ya mjini yenye watoto 1,200 na walimu 30, mmoja akihama ni pengo la ratiba linalozibwa kabla ya Ijumaa. Kanuni ileile ya uhamisho ni mkwaruzo mjini na ni jeraha kijijini. Ndiyo maana suala la kumweka mwalimu lina uzito kuliko suala la kumpata, na ndiyo maana takwimu za kitaifa za idadi ya walimu kwa wanafunzi haziwezi kulionyesha.

Mtaala wa umilisi umeongeza uzito huo. Madarasa ya chini yanatakiwa yatumie lugha ya eneo, ambayo kwa Kangari ni Gikuyu, na tathmini ya mtoto inategemea kumbukumbu ya kazi zake za mwaka hadi mwaka, si mtihani mmoja wa mwisho. Mpango kama huo unamhitaji mtu anayemkumbuka mtoto. Anajua kwamba huyu alichelewa kushika herufi kwa sababu macho yake yana shida, na kwamba yule hukosa shule siku za kuchuma chai. Karatasi za tathmini zinaweza kurithishwa kwa mwalimu mpya, lakini kumjua mtoto hakurithishwi. Tumechagua mtaala unaotegemea kukaa, kisha tukauweka juu ya mfumo wa ajira unaotuza kuondoka.

Miteremko hii iliwahi kujua namna nyingine ya kumweka mwalimu, na historia hiyo inafaa kusomwa bila kuitukuza. Baada ya mgogoro wa 1929 kati ya wamisionari na Wakikuyu, jamii za Murang'a, Nyeri na Kiambu zilijenga shule zao chini ya vyama viwili, KISA na Karing'a. Shule zilihitaji walimu, kwa hiyo mwaka 1939 Mbiyu Koinange alianzisha chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ambayo marika yalishindana kuitoa. Mwalimu wa shule hizo alikuwa wa watu: walimsomesha, walimlipa, walimdai. Udhaifu nao ulikuwa wazi. Mshahara uliotegemea karo na harambee ulikuwa mdogo, na serikali ya kikoloni ilipozifunga shule hizo katika hali ya hatari ya 1952, uwezo wa wanakijiji haukutosha kuzilinda. Walimu wa nchi nzima, waliotawanyika chini ya waajiri wengi wenye masharti tofauti, waliunda chama chao, KNUT, mwaka 1957 na wakadai mwajiri mmoja. Wakampata mwaka 1967, TSC ilipoundwa. Ulikuwa ushindi mkubwa: mshahara wa kutegemewa, pensheni, daftari moja la walimu kutoka Lamu hadi Busia. Lakini ushindi huo ulikata kamba moja bila kufunga nyingine. Mwalimu aliacha kuwa wa shule fulani akawa wa tume, na tangu hapo shule ya kijijini imekuwa kituo cha kupitia.

Mara moja tu serikali ilijaribu kuifunga tena kamba hiyo kwa utaratibu. Ilikuwa imesimamisha kuajiri walimu wapya mwaka 1998 kwa sababu za bajeti, na ilipoanza kujaza nafasi za wanaostaafu na kufariki, kuanzia 2001, iliamua nafasi zitangazwe zilipo na waombaji waombe kituo mahususi, wakijifunga kukaa hapo miaka mitano. Wazo lilikuwa zuri kwa sababu lilibadilisha swali. Badala ya tume kuuliza imtume nani, mwombaji alijiuliza kama yuko tayari kuishi pale. Kisha 2003 elimu ya msingi bila malipo ikaja, wanafunzi wakaruka kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja, na shinikizo la kujaza madarasa likameza kila kitu kingine. Hata kabla ya hapo sharti la miaka mitano lilikuwa na kasoro ya kimsingi, kwani lilikuwa ua lisilo na bustani ndani yake. Lilimzuia mwalimu asiondoke kabla ya mwaka wa tano, lakini halikumpa sababu yoyote ya kukaa hadi wa sita. Aliyefungwa huhesabu siku.

Mwaka 2018 fimbo ilirefushwa. TSC ilianza kuwatoa walimu, wakuu wa shule wakiwa wa kwanza, katika kaunti zao na kuwapeleka kwingine. Hoja zake hazikuwa za kipuuzi na zinastahili kujibiwa kwa uzito. Ya kwanza ni kwamba mwalimu wa nyumbani ana shughuli za nyumbani. Katika nchi ya chai hoja hii ina ladha ya kweli, maana mwalimu wa Kangari huenda ana mashina yake ya chai, mkopo wa ng'ombe na kiti katika kamati ya kanisa. Lakini ushahidi hauiungi mkono. Uchunguzi wa Benki ya Dunia kuhusu utoaji wa huduma, uliofanywa Kenya mwaka 2012, ulikuta karibu nusu ya walimu wa shule za umma hawako darasani saa ambayo walipaswa kufundisha. Ajabu yake ni kwamba wengi wa hao walikuwapo shuleni. Huenda walikuwa ofisini, chini ya mti, au wakisahihisha vitabu wakati darasa linajisomea. Kama tatizo lingekuwa shamba la nyumbani, wangekuwa shambani. Mwalimu aliye ndani ya ua na nje ya darasa ni tatizo la usimamizi wa shule, na usimamizi haurekebishwi kwa kumpandisha mtu basi kumpeleka kaunti nyingine. Ukimhamisha mwalimu mzembe, umekipa kijiji kingine mzigo wako.

Hoja ya pili ni ya umoja wa taifa: mtoto wa Murang'a afundishwe na mtu wa Kakamega, naye wa Kakamega amjue mtu wa Kilifi. Nani atapinga ndoto hiyo? Ila tuliona gharama ya kuitegemea peke yake. Novemba 2014 magaidi walisimamisha basi karibu na Mandera na kuua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa likizo. Baada ya hapo, na baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, walimu wasio wenyeji walikataa kurudi kaskazini mashariki, wakapiga kambi katika makao makuu ya TSC wakidai uhamisho. Hakuna mwenye moyo anayeweza kuwalaumu. Lakini watoto wa kaskazini walijifunza somo chungu, kwamba elimu inayoshikiliwa na wageni peke yao huondoka siku wageni wanapoondoka. Taifa hujengwa na mgeni anayekaa kwa hiari yake na kuheshimiwa, na haliwezi kujengwa na aliyetumwa kwa barua ambaye kila Desemba huandika ombi la kurudi kwao. Sera ya 2018 ilisambaratisha familia nyingi, ikawa ahadi ya kampeni ya 2022 kwamba itaondolewa, na kuanzia 2023 walimu walianza kurudishwa. Wingi wa waliotaka kurudi ulithibitisha kwamba miaka ile ya kuhamishwa haikuwafanya wahesabu walikotumwa kuwa kwao.

Kuna pingamizi la tatu, nalo ndilo linaloaminiwa kimyakimya na watunga bajeti: ya nini kuhangaika kumweka mwalimu ilhali foleni ya wanaotafuta kazi ni ndefu hivyo? Vyuo vya Kamwenja, Murang'a, Kigari na vingine vimetoa walimu kwa miongo mingi, na mamia ya maelfu wamesajiliwa bila ajira. Akiondoka mmoja, wako kumi mlangoni. Fikra hiyo ndiyo iliyozaa walimu wanagenzi, ambao kwa shule za msingi walilipwa Sh15,000 kwa mwezi na kwa sekondari msingi Sh20,000, kwa mikataba ya muda. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba haki za walimu hao zilikuwa zimekiukwa. Ukafuata mgomo, na Januari 2025 wanagenzi 46,000 wa sekondari msingi wakapewa ajira ya kudumu. Watetezi wa mikataba ya muda hupenda kutaja utafiti wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer uliofanywa magharibi mwa Kenya kuanzia 2005, ambao ulionyesha kwamba walimu wa mkataba walioajiriwa na kamati za wazazi walikuwapo darasani zaidi na wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi. Ni ushahidi mzuri, lakini usomwe hadi ukurasa wa mwisho. Mpango kama huo ulipojaribiwa baadaye nchi nzima na Tessa Bold na wenzake, matokeo mazuri yalionekana pale uliposimamiwa na shirika la World Vision, na hayakuonekana kabisa uliposimamiwa na serikali, ambako mishahara ilichelewa na usimamizi ulilegea. Kilichofanya kazi magharibi mwa Kenya kilikuwa mzazi mwenye sauti juu ya mwalimu anayemjua. Udogo wa mshahara haukuwa na sifa yoyote katika jambo hilo. Sisi tulichukua udogo wa mshahara tukaiacha sauti ya mzazi.

Je, pesa peke yake ingetosha? Nchi nyingine zimejaribu, na majibu yao yanafundisha kwa undani wake kuliko kwa jumla yake. Uganda mwaka 2010 iliwaongezea watumishi wa wilaya zilizotajwa kuwa ngumu kufikika asilimia 30 ya mshahara wa msingi. Gambia, mwaka 2006, ilianza kutoa nyongeza ya asilimia 30 hadi 40 kwa walimu wa shule za mbali, na walimu wenye sifa walianza kuomba kwenda shule ambazo awali walizikimbia. Tofauti ya maana iko katika kipimo. Gambia haikupima kwa jina la eneo peke yake. Iliangalia pia shule yenyewe na umbali wake kutoka barabara kuu. Kipimo hicho kingeiona Murang'a kama ilivyo: shule iliyo kando ya lami sokoni Kangari na shule iliyo juu, ambako bodaboda hukataa kupanda siku ya mvua, hazifanani hata kama ziko wadi moja. Ramani yetu ya mazingira magumu inapaka rangi moja eneo zima, na hivyo haiwezi kuuona ugumu uliomo ndani ya kaunti inayohesabiwa kuwa na nafuu. Mapungufu ya nyongeza za aina hii nayo yajulikane. Zinampata mwalimu mlangoni, lakini kama kiasi ni kilekile mwaka wa kwanza na wa kumi, hazimpi sababu ya kuzidi kukaa.

Hapo ndipo hoja yote inapokutana. Tuzo za mwalimu wa kijijini zifungwe kwenye miaka ya kukaa katika shule moja. Nyongeza ianze mwaka wa tatu, ikue mwaka wa sita, ikue tena mwaka wa kumi, na mtu aiache nyuma yake akiamua kuhama. Pawe na ngazi ya cheo ya darasani, inayomfuata mtu na si kiti, ili mwalimu wa Gredi ya 1 aliyethibitika aweze kufikia mshahara wa naibu mwalimu mkuu bila kuwa naibu wa mtu yeyote na bila kuhama. Na pawe na nyumba. Shule nyingi za miteremko hii ziko kwenye ardhi iliyotolewa na jamii, na hazina ya maendeleo ya maeneobunge imejenga madarasa, vyoo na malango yenye jina la mfadhili. Nyumba ya mwalimu haipigwi picha sana siku ya uzinduzi, ndiyo maana imesahaulika. Vyumba viwili vyenye maji, umeme na paa zuri ndani ya ua wa shule humpa mwalimu saa mbili za siku ambazo matatu zilimnyang'anya, na kodi atakayoilipa bodi ya shule kutoka kwa marupurupu yake yaleyale itazikarabati nyumba hizo mwaka hadi mwaka. Pesa hiyo leo inapanda matatu na kuishia kwa mwenye ploti mjini.

Atatokea wa kusema kwamba kumtuza anayekaa ni kumtuza hata mvivu aliyeota mizizi. Hofu hiyo ni halali, na jibu lake ni kwamba nyongeza isitolewe kwa kalenda pekee. Ifungwe kwenye kuwapo darasani, jambo ambalo bodi ya shule na wazazi wanaweza kulishuhudia vizuri kuliko fomu za tathmini ambazo mwalimu huzijaza mwenyewe kisha mkubwa wake akatia sahihi. Sauti hiyo ya mzazi ndiyo tuliyoiona ikifanya kazi katika utafiti wa magharibi, na ndiyo miteremko hii iliyokuwa nayo enzi za Githunguri. Haimaanishi kumrudisha mwalimu mikononi mwa harambee. Mshahara ubaki kwa tume, pamoja na pensheni na nidhamu. Kinachorudi kijijini ni ushahidi tu: yupo, anafundisha, tungependa akae. Na kwa anayehofia kwamba Kangari itainyang'anya Mandera, jibu ni kwamba kipimo cha shule na miaka huinufaisha Mandera kwanza. Mwalimu mwenyeji wa kule, aliyebaki wenzake walipokimbia, leo hana tuzo inayokua kwa sababu alibaki.

Kuhusu gharama, nchi tayari inalipia kuondoka, ila bili yake imetawanywa isionekane: siku za masomo zinazopotea kati ya mwalimu mmoja na mwingine, madarasa yaliyounganishwa, watoto wanaofika Gredi ya 4 bila kusoma hadithi fupi, na safari za walimu kwenda ofisi za TSC na faili za uhamisho kwapani. Sera ya 2018 yenyewe iligharimu mara mbili, kuwapeleka watu na kuwarudisha. Nyongeza ya kukaa ina sifa moja ambayo Hazina ya Taifa inapaswa kuipenda: hailipwi kwa ahadi, hulipwa baada ya huduma kutolewa. Mwalimu asipokaa, haidaiwi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walikuwa na maana kwamba anayekaa apewe sehemu yake ya kazi na ya nyumba, aache kuwa mgeni. Mwalimu wa shule ya kijijini tumemweka katika siku ya pili kwa zaidi ya miaka hamsini. Vyama vya walimu na TSC vitakapoketi tena kujadili mkataba wa pamoja, najua swali la kwanza litakuwa asilimia ngapi, kwa sababu maisha yamepanda na swali hilo ni la haki. Ninaomba liwepo la pili, linalogharimu kidogo kuliko la kwanza: katika kila shilingi mpya, ni senti ngapi zitakazomfikia mwalimu kwa sababu amekaa? Mkataba usiokuwa na jibu la swali hilo, hata uwe na mabilioni mangapi, utakuwa nauli ya kushukia Thika.